Kupanda Mlima Mrefu kwa Baiskeli: Dalili, Vyanzo na Tiba, kwa Mfano wa Barabara ya Mombo hadi Lushoto

Barabara ya lami inayoiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Mombo na kupanda milima ya Usambara hadi mjini Lushoto ina urefu wa takribani kilomita 33, na katika umbali huo mpanda baiskeli hupanda karibu mita 1,000 kwenda juu. Ukigawa hesabu hiyo unapata mwinuko wa wastani wa asilimia 3 hivi, namba ambayo imewadanganya wengi, kwa sababu mwinuko haukugawanyika sawasawa: sehemu yake kubwa iko kati ya Mombo na Soni, mji mdogo ulio njiani, ambako barabara hufuata ukingo wa korongo kwa kona zinazopokezana, na baada ya hapo hulegea na kukaza kwa zamu. Nimeiandikia barabara hii kwa sababu ndiyo niliyoipanda mara nyingi kuliko nyingine yoyote, nikishindwa kwa namna karibu zote zinazoelezwa hapa chini, lakini maelezo yanafaa kwa mlima wowote mrefu wenye lami.

Jambo moja linapaswa kutangulia mengine yote, nalo ni kwamba katika mlima mrefu dalili na chanzo chake hazikai mahali pamoja. Miguu inayogoma karibu na Soni mara nyingi iliharibiwa katika kilomita tano za mwanzo. Goti linalouma ukifika Lushoto liliumizwa na kiti kilichofungwa vibaya nyumbani. Na mwili unaotetemeka kwenye kona ya mwisho unadai chakula ambacho haukupewa saa mbili zilizopita. Mtu anayetafuta kosa pale alipoangukia hulikosa. Kwa hiyo simama, shuka, egemeza baiskeli, subiri dakika tano, kisha urudi nyuma kwa fikra kutoka kona uliyopo hadi ulipoanzia.

Dakika hizo tano zenyewe ni kipimo. Pumzi ikirudi na miguu ikawa myepesi, tatizo lako ni mwendo. Pumzi ikirudi lakini miguu ikabaki mizito na kichwa kikawa na ukungu, tafuta chanzo kwenye chakula, maji au joto. Na ukijisikia mzima kabisa, lakini kila unapopanda tena unahisi kama kuna mtu amekushika kwa nyuma, iache miguu yako na uichunguze baiskeli.

Pumzi inakatika mapema

Hii ndiyo dalili inayoonekana kuliko zote, na karibu kila mara chanzo chake ni mwendo wa kuanzia. Anayetoka Mombo ana miguu mibichi, amezoea kasi ya tambarare, na mwinuko wa kwanza hauonekani kuwa mkali, hivyo anajaribu kuendelea na kasi ileile. Kwenye tambarare adui mkubwa ni upepo. Mlimani adui ni uzito, na kazi ya kuinua uzito huongezeka moja kwa moja na kasi. Chukua mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 80, kwenye mwinuko wa asilimia 6. Akienda kilomita 8 kwa saa anahitaji kutoa wati 120 hivi, kiasi ambacho mtu mwenye afya na mazoezi ya kawaida anaweza kukidumisha kwa muda mrefu. Akienda kilomita 12 kwa saa anahitaji karibu wati 190. Kilomita nne za ziada, ambazo kwa macho hazionekani, zimeongeza kazi kwa zaidi ya nusu, na mwili hulipa deni hilo kwa pumzi.

Tiba ni kupima mwendo kwa maneno. Kwa dakika 20 za kwanza unapaswa kuweza kutamka sentensi nzima, kwa mfano kumjibu mtu anayekusalimia kando ya barabara na kumuuliza habari za nyumbani, bila kukatisha katikati. Ukiona unajibu kwa neno mojamoja, punguza mwendo hata kama unaona aibu kwenda polepole kiasi hicho. Aliyeanza polepole mno anaweza kuongeza mwendo baada ya Soni. Aliyeanza kwa kasi hana cha kuongeza.

Kabla ya kulaumu mapafu yako, angalia pia saa uliyoondoka. Mombo iko chini, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, na tambarare ile hupata joto mapema. Anayeanza kupanda saa 4 asubuhi hubeba joto pamoja na mlima, na moyo wake hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ili mwili upoe. Ondoka saa 12 asubuhi, na huenda dalili hii ikatoweka bila tiba nyingine.

Mapaja yanawaka lakini pumzi ipo

Hapa watu wengi hukosea utambuzi, kwa sababu mtu husema tu kwamba amechoka, ilhali kuna kuchoka kwa aina mbili. Ikiwa unahema sana lakini miguu ingeweza kuendelea, unanyonga pedeli haraka mno au unakwenda kwa kasi mno. Ikiwa pumzi imetulia lakini mapaja yanawaka kama yamepakwa pilipili, na kila mzunguko wa pedeli unahitaji uzito wote wa mwili, gia yako ni nzito kuliko mlima unavyoruhusu. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa matatizo mengi ya mlimani, na inafaa kuipigia hesabu badala ya kuikisia.

Gurudumu la inchi 28 husogea kama mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Baiskeli ya kawaida ya gia moja, ile ya kubebea mizigo, yenye kwa mfano meno 48 mbele na 20 nyuma, husogea mita 5.3 kila pedeli inapozunguka mara moja. Ili uende kilomita 8 kwa saa, yaani mita 133 kwa dakika, utazungusha pedeli mara 25 tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa kama kupanda ngazi ukiwa na gunia mgongoni. Baiskeli ya mashindano yenye meno 34 mbele na 28 nyuma husogea mita 2.5 hivi, hivyo kwa mwendo uleule pedeli huzunguka mara 52. Baiskeli ya milimani yenye magurudumu ya inchi 26, meno 22 mbele na 32 nyuma, husogea mita 1.4 tu, na pedeli huzunguka mara 95. Mzunguko unaowafaa watu wengi mlimani ni kati ya mara 60 na 80 kwa dakika. Chini ya 50 misuli ndiyo inayobeba mzigo wote na huchoka upesi; juu ya 90 mzigo huhamia kwenye moyo na mapafu.

Kama huna saa yenye kipimo, hesabu mguu wa kulia unaposhuka kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Ukipata chini ya 50 na tayari uko kwenye gia nyepesi kuliko zote, hakuna mazoezi yatakayokuponya wiki hii. Nenda kwa fundi akufungie nyuma gia zenye meno mengi zaidi, ukihakikisha kwamba mkono wa kubadilishia gia, ule unaoning’inia kando ya gurudumu la nyuma, ni mrefu wa kutosha kuvuta cheni iliyolegea. Wapo wanaoona kwamba gia nyepesi ni za watu dhaifu. Hawa wanapaswa kujua kwamba hata waendesha baiskeli wa kulipwa, wanaposhindana kwenye vilima vikali kama vya Kigali, ambako mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Septemba 2025 kwa mara ya kwanza barani Afrika, hufunga nyuma gia zenye meno zaidi ya 30.

Mwenye gia moja ana tiba mbili. Ya kwanza ni kufunga friwili, yaani gia ya gurudumu la nyuma, yenye meno mengi zaidi, akikubali kwamba kwenye tambarare atakwenda polepole. Ya pili ni kushuka na kusukuma pale mwinuko unapokaza, kwa sababu kunyonga pedeli mara 25 kwa dakika kwa nguvu zote humpa mtu mwendo usiozidi sana ule wa kutembea kwa haraka, huku ukimmaliza kabisa. Wasukumaji wa ndizi na mkaa wanalijua hili kuliko sisi, na hushuka kabla ya kuchoka.

Kosa jingine la ukoo huu ni kuchelewa kubadilisha gia. Badilisha ukiwa bado na mwendo, mita chache kabla kona haijakaza, na ulegeze mguu kidogo wakati cheni inahama. Anayebadilisha akiwa amesimama juu ya pedeli kwa uzito wote husikia mlio mkali, na mara nyingine hukata cheni.

Nguvu zinaisha ghafla

Ulikuwa unakwenda vizuri, kisha ndani ya dakika chache miguu inakuwa kama si yako, mikono inatetemeka, jasho la baridi linatoka, na unajikuta umekasirika bila sababu. Huu si uchovu wa kawaida. Mwili umeishiwa sukari.

Kumwinua mtu na baiskeli yake, kilo 80 kwa jumla, hadi mita 1,000 kwenda juu hugharimu mwili kilokalori 800 au zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati ya chakula hupotea kama joto. Akiba ya wanga iliyomo mwilini kwa mtu aliyekula vizuri ingetosha kwa kazi hiyo, lakini aliyeondoka alfajiri kwa chai kavu, baada ya kulala bila kula vya kutosha, hana akiba hiyo kamili. Dalili hujitokeza baada ya saa moja na nusu au mbili, na ndiyo maana wengi hudhani ni Soni panapowashinda, kumbe ni chakula cha jioni iliyopita.

Ukishafika hapo, simama na ule kitu chenye sukari ya haraka: juisi ya miwa, soda, asali, au ndizi mbivu, kisha upumzike dakika 15 kabla ya kuendelea kwa mwendo mdogo. Kwa safari ijayo kula ugali, wali au viazi usiku, unywe uji mzito angalau saa moja kabla ya kuondoka, na uanze kula njiani ukiwa bado huna njaa, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ambazo ni sawa na ndizi moja kubwa hadi mbili na ushee. Pale Soni wauza matunda wapo, na plamu za Usambara ni tamu, lakini zina maji mengi kuliko wanga. Zifurahie bila kuzihesabu kuwa chakula.

Kichwa kinagonga, ngozi inasisimka

Dalili hizi hufanana na zile za njaa, na kuzichanganya ni hatari. Mwenye njaa huwa na jasho la baridi na hupata nafuu akila. Aliyezidiwa na joto huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, moyo hupiga haraka hata akiwa amekaa, na mara nyingine husikia baridi na vinyweleo kusimama katikati ya jua kali. Mlimani hatari hii ni kubwa kuliko tambarare kwa sababu mwendo ni mdogo: hakuna upepo wa kukausha jasho, na lami na ukuta wa mwamba hurudisha joto mwilini. Ingia kivulini, vua kofia, jimwagie maji kichwani, shingoni na mapajani, na unywe kidogokidogo. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au kuzimia, hiyo ni dharura ya kweli. Mpoze kwa maji mengi palepale huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali, na msisubiri kufika hospitali ndipo aanze kupozwa.

Misuli inakakamaa

Kigimbi au paja linapokakamaa, shuka, nyoosha mguu taratibu na ushikilie kwa nusu dakika. Watu hukimbilia chumvi, nayo inaweza kusaidia kwa anayetoka jasho jingi, lakini mara nyingi msuli hukakamaa kwa sababu umefanyishwa kazi kuliko ulivyozoea. Rudi basi kwenye gia na mwendo.

Magoti

Goti likiuma mbele, chini ya kifuniko chake, shuku mambo mawili: kiti kiko chini mno, au gia ni nzito mno, na mara nyingi yote mawili huenda pamoja. Likiuma kwa nyuma, kiti kiko juu mno. Pima hivi: kaa kwenye kiti ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli iliyoshuka chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande mmoja. Ukihamishia pedeli kwenye sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaofaa. Pandisha au shusha kiti kwa milimita tano kwa wakati mmoja, kwa sababu badiliko kubwa la ghafla huleta maumivu mapya mahali pengine. Goti linalovimba au linalouma hata ukitembea linahitaji daktari, kiti hakitalitibu.

Baiskeli imekuwa nzito

Safari moja nilisukuma baiskeli kutoka kona ya nne hadi Soni, nikiwa nimejiridhisha kwamba nimezeeka. Nilipofika juu niliinua gurudumu la nyuma ili kutoa jani lililonasa, nikalizungusha kwa mkono, likasimama baada ya nusu mzunguko. Raba ya breki ilikuwa imegusa rimu njia nzima. Tangu siku hiyo sianzi mlima bila kuinua kila gurudumu na kulizungusha, na ninamsihi kila msomaji afanye vivyo hivyo, kwani ni kazi ya sekunde kumi.

Gurudumu likigusa mahali pamoja tu katika kila mzunguko, rimu imepinda na spoki zinahitaji kukazwa. Likigusa muda wote, waya wa breki umekazwa mno au gurudumu halikukaa katikati ya fremu. Likizunguka kwa mkwaruzo bila kugusa chochote, gololi za ekseli zimekauka grisi au zimekazwa kupita kiasi. Kisha bonyeza matairi, kwa maana tairi lenye upepo mdogo hula nguvu zako kimyakimya kwa saa tatu nzima. Mwisho pima mzigo: kila kilo 8 unayoiongeza juu ya zile 80 huongeza kazi ya kupanda kwa asilimia 10.

Cheni inaruka au inalia

Cheni inayoruka unapokanyaga kwa nguvu, na kutulia kwenye tambarare, imevutika. Weka rula katikati ya pini moja, uhesabu pini 24 mbele. Cheni mpya hupima milimita 304.8, na ikifika 308 imekwisha. Ukifunga cheni mpya na bado inaruka, meno ya nyuma nayo yameliwa yakawa kama meno ya papa, na itabidi ubadilishe vyote viwili. Mlio wa “tik” mmoja kwa kila mzunguko wa pedeli hutoka kwenye pedeli au krenki (mkono unaoshika pedeli) iliyolegea, na usiupuuze: krenki iliyolegea hujichonga yenyewe mpaka haikazi tena.

Ikiwa cheni hudondokea upande wa spoki unapoweka gia nyepesi kuliko zote, skrubu ya kikomo ya mkono wa gia imelegezwa mno. Rekebisha kabla ya safari, kwa sababu cheni ikiingia kwenye spoki ukiwa umesimama kwenye kona kali, utaanguka upande wa barabara, ambako mabasi na malori ya mboga yanashuka.

Gurudumu la mbele linayumba au kuinuka

Mzigo wote ukiwa kwenye keria ya nyuma, gurudumu la mbele hukosa uzito na usukani huanza kutafuta njia yake. Sogeza makalio mbele kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua, kunja viwiko, na uhamishie mbele sehemu ya mzigo. Ikiwa ni gurudumu la nyuma linaloteleza kwenye mchanga uliomwagika juu ya lami, kaa kitako na usisimame juu ya pedeli. Kwenye kona, upande wa ndani ni mkali kuliko wa nje. Pita katikati ya njia yako mahali ambapo madereva wanakuona, usikate kona.

Je, ni hewa nyembamba?

Kwa Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, jibu kwa kawaida ni hapana. Mgandamizo wa hewa pale ni karibu asilimia 85 ya ule wa pwani, upungufu ambao mtu wa Tanga ataugundua kidogo tu. Hali ni tofauti kwa anayepanda kutoka Bonde la Kerio kupitia Tambach hadi Iten nchini Kenya, kwenye mita 2,400, ambako mgandamizo hushuka hadi karibu robo tatu. Hapo mtu wa pwani atahema kwa mwendo ambao nyumbani ni wa mazungumzo, na atahitaji kupunguza nguvu tangu mwanzo na kukaa siku kadhaa kabla ya kudai mwili wake wa kawaida. Maumivu ya kichwa yanayoendelea usiku huko juu ni sababu ya kushuka.

Kushika lori

Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu wengi huliona kuwa tiba. Katika barabara ya Bujumbura kupanda Bugarama, nchini Burundi, vijana wanaobeba ndizi hushika nyuma ya malori ili wavutwe, na desturi hiyo imeigwa kwingine. Anayening’inia haoni shimo linalokuja, hawezi kufunga breki lori linaporudi nyuma wakati wa kubadilisha gia, na dereva hamwoni. Kama umeshindwa kupanda, simamisha gari, omba baiskeli ifungwe juu, na ulipe nauli.

Ukiamua kurudi chini kwa baiskeli, kagua kwanza unene wa raba za breki, kwa kuwa kushuka kutoka Soni hadi Mombo huzitumikisha kuliko mwezi mzima wa mjini. Finya na kuachia, ya nyuma na ya mbele, badala ya kushikilia moja tu njia nzima. Ukisikia harufu ya raba inayoungua, simama mahali pa wazi, usiishike rimu kwa mkono, na usiimwagie maji. Subiri robo saa ipoe yenyewe, kwa sababu joto la rimu linaweza kupasua tyubu ukiwa katikati ya kona.